Olds-Didsbury, Alberta: jimbo la wakulima lililompeleka bungeni mtu wa kujitenga 1982, kisha likamweka mwenzake nafasi ya tatu 2025

Bakari_Takwimu (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwenye ule uzi wa kura ya maoni ya Alberta kujitenga na Kanada watu walirushiana sana maneno kuhusu jimbo la Olds-Didsbury-Three Hills. Upande mmoja: "hawa ni watu wa kujitenga tangu zamani." Upande wa pili: "hawa ni wahafidhina tu, hata ukisimamisha jiwe lenye rangi ya bluu linapita." Kila upande umeshika nusu ya habari, kwa hiyo naweka historia yenyewe hapa. Wenye data zaidi wataongezea, wenye kusahihisha karibuni.

Istilahi kwanza tusije tukagombana. Alberta nitaiita mkoa. Jimbo ni eneo la uchaguzi la mbunge mmoja (Wakenya someni eneobunge). Bunge ninalosema ni la mkoa, lililoko Edmonton, si la Kanada nzima lililoko Ottawa. Majimbo ya Ottawa yana majina yake na mipaka yake, na hapo ndipo nusu ya wachangiaji wa uzi ule walipopotelea.

Mahali penyewe: Olds uko kama kilomita 90 kaskazini ya Calgary, karibu na Barabara Kuu namba 2 iendayo Red Deer na Edmonton. Didsbury na Carstairs ziko kusini yake, zote zimepangana kwenye reli ya Calgary–Edmonton ya mwaka 1891. Three Hills uko mashariki. Ni nchi ya shayiri, kanola, ng'ombe na visima vya gesi. Olds kuna chuo cha kilimo tangu 1913. Didsbury ilianzishwa na walowezi Wamenno waliotoka Ontario miaka ya 1890, na Three Hills kuna chuo cha Biblia tangu 1922. Ukiunganisha shamba, gesi na kanisa, umeshapata sehemu kubwa ya jibu.

Kabla ya 1963 yalikuwa majimbo mawili, Olds na Didsbury. Didsbury ilianza na Mliberali, Joseph Stauffer, aliyechaguliwa 1909 na kuuawa vitani Ufaransa Aprili 1917 akiwa bado mbunge. Mwaka 1921 chama cha wakulima, United Farmers of Alberta (UFA), kikachukua yote mawili. Mwaka 1935 Social Credit ya William Aberhart ikafagia viti 56 kati ya 63 vya mkoa, na UFA, iliyokuwa serikalini, haikuambulia hata kimoja.

Shikeni hilo la 1935. Eneo hili halina desturi ya kupungua kidogo kidogo. Likikaa na chama, linakaa miaka thelathini. Likihama, linahama kijiji kizima na mifugo yake.

Zuhura wa Kitabu

Nipo na daftari. Ila mkuu, umesahau kwamba miaka ile hawakupiga kura kwa mtindo wa sasa. Bila hilo takwimu za 1926 hadi 1955 zitawachanganya watu.

Karani_wa_Masanduku

Ngoja nilichukue hilo, maana ndipo wengi wanapokosea wakisoma matokeo ya zamani.

Kuanzia uchaguzi wa 1926 mpaka wa 1955, majimbo ya vijijini ya Alberta yalitumia kura ya kupanga. Huweki alama ya vema kwa mtu mmoja, unaandika 1 kwa unayemtaka, 2 kwa wa pili, 3 kwa wa tatu. (Calgary na Edmonton walikuwa na mfumo wao wa wabunge wengi kwa jimbo moja, huo tuuache.) Kuhesabu kunakwenda hivi. Unazipanga karatasi kwa mafungu kufuata namba 1. Mwenye zaidi ya nusu ameshinda, kazi imekwisha. Asipopatikana, wa mwisho anatolewa, karatasi zake zinafunguliwa tena na kila moja inapelekwa kwenye fungu la namba 2 yake. Mnarudia mpaka mmoja avuke nusu ya karatasi zilizobaki hai.

Mfano wa kubuni, kura 4,000: Social Credit 1,850, Liberal 1,300, CCF (chama cha kijamaa) 850. Nusu jumlisha moja ni 2,001, hakuna aliyefika. CCF anatoka. Katika zile 850, 640 zimeandikwa 2 kwa Liberal, 60 kwa Social Credit, na 150 hazina namba 2 kabisa. Hizo 150 zimekufa, zinawekwa pembeni. Sasa Liberal ana 1,940, Social Credit 1,910. Zilizo hai ni 3,850, nusu jumlisha moja ni 1,926. Liberal kapita, ingawa raundi ya kwanza aliachwa kwa kura 550.

Mambo mawili huleta kizaazaa. La kwanza, karatasi zilizokufa: mpiga kura aliyeandika 1 peke yake amejitoa mwenyewe raundi ya pili. La pili, mtu anaandika 1 mara mbili, karatasi nzima inaharibika. Na ukikuta jedwali linakupa idadi mbili za kura kwa mgombea mmoja, moja ni ya raundi ya kwanza na nyingine ya mwisho. Usizijumlishe. Nimeona majedwali mtandaoni yamezijumlisha.

Bakari_Takwimu

Shukrani Karani. Na huo mfano wako wa kubuni ndio uliotokea kweli kwenye majimbo kadhaa mwaka 1955. Upinzani walipeana namba 2, Social Credit ikashuka mpaka viti 37 kati ya 61, Liberal wakapata 15. Mwaka uliofuata serikali ya Social Credit chini ya Ernest Manning ikaufuta mfumo. Sababu walizotoa: kura nyingi zinaharibika, na watu wanachanganyikiwa kwa kuwa uchaguzi wa Ottawa ni wa alama moja. Uchaguzi wa 1959, wa kwanza chini ya "anayeongoza anachukua", Social Credit ikapata viti 61 kati ya 65. Asilimia ya kura zao mkoa mzima ilikuwa kama 56. Jipimieni wenyewe.

mtu_wa_bara

Yaani refa kabadilisha sheria baada ya kufungwa goli moja 😂

Bakari_Takwimu

Hakufungwa mkuu, alitishiwa tu. Tuendelee.

Mwaka 1960 kulikuwa na uchaguzi mdogo Didsbury, akashinda kijana wa miaka 23, Robert Clark, wa Social Credit. Mwaka 1963 majimbo yakaunganishwa kuwa Olds-Didsbury na Clark akaendelea nalo. Akawa waziri wa vijana 1966, waziri wa elimu 1968. Mwaka 1971 Peter Lougheed na Progressive Conservative (PC) wakauangusha utawala wa Social Credit uliodumu miaka 36. Clark hakuanguka. Chama chake kilipobaki na viti vinne tu mwaka 1975, yeye ndiye kiongozi wa upinzani. Mwaka 1979 tena vinne, na yeye bado yumo.

Sasa kosa la wachambuzi wengi: wanasoma Olds-Didsbury ya 1971 hadi 1979 kama ngome ya Social Credit. Chama kilikuwa kimekwisha, iliyobaki ni kura ya mtu. Kura ya mtu hairithiwi. Clark alipojiuzulu mwishoni mwa 1981, jimbo likabaki halina mwenyewe kwa mara ya kwanza katika miaka 21.

Zuhura wa Kitabu

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Oktoba 1980 serikali ya Kanada chini ya Mliberali Pierre Trudeau ilileta Mpango wa Taifa wa Nishati: bei ya mafuta ya ndani ikashikwa chini ya bei ya dunia, kodi mpya zikawekwa, Ottawa ikajitengea mgao kwenye visima vya ardhi zake. Trudeau alikuwa ameshinda Februari 1980 bila kiti hata kimoja magharibi ya Manitoba. Mtu wa Olds anaona sheria inayogusa mshahara wake imeandikwa na serikali ambayo jirani zake wote hawakuichagua.

Kisha Septemba 1981 Lougheed akasaini makubaliano ya bei na Trudeau, ikapigwa picha wameinua glasi za shampeni. Ile picha ilimgharimu Lougheed vijijini. Mpaka hapo alikuwa ndiye ngao yao.

Bakari_Takwimu

Hapo ndipo uchaguzi mdogo wa Februari 17, 1982 unapoingia. Wagombea wakuu watatu. Stephen Stiles wa PC, chama tawala. Lloyd Quantz wa Social Credit, anayejaribu kuvaa viatu vya Clark. Na Gordon Kesler wa Western Canada Concept (WCC), chama kilichotaka mikoa ya magharibi ijitenge na Kanada. Kesler alikuwa mpanda farasi wa rodeo wa zamani na skauti wa mafuta, yaani mtu anayelipwa kuchungulia visima vya kampuni nyingine ili kujua wamefikia kina gani na wamepata nini. Kazi hiyo inakufanya ujue kila kibanda cha kahawa kando ya barabara.

Matokeo: Kesler kama asilimia 42, Social Credit wa pili, PC wa tatu. Ndiye mtu wa kwanza kuingia bunge la mkoa wa magharibi kwa tiketi ya chama cha kujitenga, na mpaka leo Alberta haijachagua mwingine kwa tiketi ya namna hiyo.

Nyundo ya Hoja

Kwa hiyo asilimia 58 walimkataa. Ungekuwepo ule mfumo wa Karani asingepita.

Karani_wa_Masanduku

Taratibu. Kwanza 42 kwenda 50 ni 8. Katika zile 58, alihitaji kupata kama mmoja kati ya saba kwa namba 2. Kura za Social Credit za 1982 zilikuwa za watu wanaomchukia Trudeau kuliko wanavyompenda Lougheed. Wangeandika 2 kwa nani, kwa chama kilichoinua glasi? Kura ya kupanga humnyima ushindi mgombea ambaye wengine wote wanamwogopa. Kesler hakuogopwa kiasi hicho Februari ile. Alichukuliwa kama jiwe la kurusha dirishani Ottawa, na dirishani kwa Lougheed pia.

Bakari_Takwimu

Nakubaliana na Karani. Uchaguzi mdogo una faida moja kwa mpiga kura mwenye hasira: serikali haianguki. Unamchapa mtawala kiboko na kesho yake bado ndiye mtawala, umeme haukatiki.

Ushahidi ni Novemba 2 mwaka ule ule. Uchaguzi mkuu ulipoitishwa, Kesler hakutetea Olds-Didsbury, akaenda kugombea jimbo la Highwood, kusini ya Calgary, akaanguka. Olds-Didsbury ikachukuliwa na Stiles yule yule wa PC aliyekuwa wa tatu miezi minane iliyopita. Mkoa mzima WCC walipata karibu asilimia 12 ya kura na kiti sifuri. PC wakapata viti 75 kati ya 79.

Asilimia 12 kwa kiti sifuri, kwa sababu kura zao zilitawanyika kama mbegu za nyanya. Mfumo wa anayeongoza anachukua unamlipa mwenye kura zilizorundikana sehemu moja. Februari zilirundikana kwa kuwa jimbo lilikuwa moja tu na wafuasi wao wote wa mkoa walihamia hapo kufanya kampeni. Novemba walikuwa na majimbo 79 ya kuhudumia.

Mwana wa Kericho

Swali wazee. Ni kweli mbunge wa huko aliwahi kuhama chama 2014 na kiti akabaki nacho? Kwetu Kenya ibara ya 103 ya katiba ingekuwa imeshamtoa.

Zuhura wa Kitabu

Ndiyo. Baada ya Stiles akaja Roy Brassard wa PC kuanzia 1986. Mwaka 1997 mipaka ikabadilika, likazaliwa Olds-Didsbury-Three Hills, akachaguliwa Richard Marz wa PC, akakaa mpaka 2012. Miaka hiyo haina la kusimulia, PC walipita kama maji kwenye mfereji. Mwaka 2012 jimbo likahamia Wildrose, chama cha wahafidhina waliochoshwa na PC, na mbunge akawa Bruce Rowe. Desemba 2014 wabunge tisa wa Wildrose, kiongozi wao Danielle Smith akiwemo, wakahamia PC kwa siku moja. Rowe alikuwa mmoja wao.

Kanada mbunge anachaguliwa yeye kwa jina, chama ni maandishi pembeni ya jina. Akihama, kiti kinahama naye. Tanzania ibara ya 71 inamvua ubunge papo hapo, ndiyo maana wale wa "kuunga mkono juhudi" walilazimika kurudi kwa wananchi kwenye uchaguzi mdogo. Alberta hakuna hatua hiyo. Mpiga kura anasubiri.

Alisubiri miezi mitano. Mei 2015 Rowe hakugombea tena, na jimbo likamchagua Nathan Cooper wa Wildrose ile ile iliyodhaniwa imezikwa. Mkoani NDP, chama cha mrengo wa kushoto, wakaingia madarakani kwa mara ya kwanza, kwa kuwa PC na Wildrose waligawana kura. Olds hilo halikuwagusa.

mtu_wa_bara

Hawana namna ya kumtoa mbunge katikati?

Zuhura wa Kitabu

Ipo na ina kichekesho chake. Mwaka 1936 Aberhart alipitisha sheria ya kumrudisha mbunge nyumbani kwa sahihi za theluthi mbili ya wapiga kura wa jimbo. Jimbo la kwanza kukusanya sahihi kwa nguvu lilikuwa lake mwenyewe, Okotoks-High River. Mwaka 1937 serikali yake ikaifuta sheria, na ufutaji ukahesabiwa kuanzia siku sheria ilipozaliwa. Mkoa ukakaa bila sheria hiyo hadi 2021. Kipimo cha sasa, baada ya marekebisho ya 2025: sahihi sawa na asilimia 60 ya idadi ya waliopiga kura uchaguzi uliopita jimboni, ndani ya siku 90. Jimbo la vijijini lenye mashamba yaliyoachana kilomita nyingi, siku 90 si nyingi.

Nyundo ya Hoja

Haya, twende 2025. Kama ni jimbo la kurusha mawe kwenye uchaguzi mdogo, mbona safari hii hawakurusha?

Bakari_Takwimu

Ndilo nililofungulia uzi.

Cooper alichaguliwa tena 2019 kwa UCP (muungano wa PC na Wildrose wa 2017), akawa Spika, akarudi 2023 kwa karibu robo tatu ya kura. Mei 2025 akaachia kiti aende Washington kuwa mwakilishi wa Alberta. Uchaguzi mdogo ukapigwa Juni 23. UCP wakamsimamisha Tara Sawyer, mkulima aliyewahi kuongoza chama cha wakulima wa nafaka cha taifa. NDP wakaweka Bev Toews. Na kiongozi wa Republican Party of Alberta mwenyewe, Cameron Davies, mtu wa kujitenga, akagombea jimbo hili lenye jina la 1982.

Matokeo kwa kukadiria: Sawyer asilimia 61, Toews 20, Davies chini kidogo ya 18.

Hasira ilikuwepo. Liberal walikuwa wameshinda tena Ottawa Aprili 28. Tofauti na 1982 naziona tatu.

Mwaka 1982 mtu wa kujitenga alikuta kiti kitupu, Social Credit inakufa na PC haijapata mizizi hapo. Mwaka 2025 alikuta UCP yenye robo tatu ya kura. Kuipokonya nusu nzima ya hizo bado kusingekutosha uwe na uhakika.

Ya pili ndiyo nzito. Lougheed 1981 alifunga mlango, akasaini na Trudeau. Danielle Smith, akiwa sasa waziri mkuu wa mkoa kwa UCP, siku moja tu baada ya uchaguzi wa Aprili 2025 alileta muswada wa kupunguza sahihi zinazohitajika kuitisha kura ya maoni. Kwa suala la katiba ilikuwa asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa, ikawa asilimia 10 ya waliopiga kura uchaguzi uliopita, sawa na sahihi 177,732. Siku za kukusanya zikatoka 90 hadi 120. Ukishapewa karatasi ya kusaini kujitenga, huna haja ya kumpa Davies kiti. Unasaini kule, unampigia Sawyer huku.

Ya tatu, NDP. Mwaka 1982 hakuna mkulima wa Olds aliyelala akihofia NDP kushika mkoa. Baada ya 2015 wanajua kugawana kura kunazaa nini.

Nyundo ya Hoja

Hiyo ya pili nakupa. Ya tatu sikupi: NDP na 20 yao wasingepita hata UCP na Davies wagawane sawa kwa sawa. 61 na 18 ni 79, nusu ni 39 na ushee.

Bakari_Takwimu

Hesabu ni yako, nimeshindwa kwa jimbo hili. Hofu ni ya mkoa, lakini inapigiwa kura mpaka mahali ambapo haina hesabu.

Karani_wa_Masanduku

Kwa wanaotaka kuchambua wenyewe, Elections Alberta wanaweka matokeo ya kila kituo. Mitego ninayoijua:

Usilinganishe asilimia za kabla na baada ya 1997 kama jimbo moja. Upande wa Three Hills uliingia na historia yake. Oktoba 1992 Three Hills nao walikuwa na uchaguzi mdogo, wakamchagua Mliberali Don MacDonald, kisha 1993 mipaka ikabadilika na akaanguka kwa PC. Ile ile tabia ya kurusha jiwe, jimbo jingine.

Angalia ukubwa wa jimbo kabla ya kusema kura zimeongezeka. Sheria inaruhusu jimbo lipishane na wastani wa mkoa kwa asilimia 25 juu au chini, na majimbo machache ya mbali yashuke hadi asilimia 50. Viti vilikuwa 83, vikawa 87 mwaka 2012, na tume ya mipaka ya karibuni ilipewa kazi ya 89. Kila mara mstari unasogea, vituo vinahama.

Kura za uchaguzi mdogo ni chache. Mwaka 2025 zilikuwa kama 15,300. Ukiona asilimia ya chama imepanda, tazama kwanza idadi ya kura. Huenda chama hakikupata mtu mpya hata mmoja, ni wa upande wa pili waliobaki shambani. Juni ni mwezi wa kupuliza dawa mashambani.

Mwana wa Kericho

Na ile karatasi ya kura isiyo na majina, ndiyo ya uchaguzi huu?

Karani_wa_Masanduku

Hapana, hiyo ni ya Ottawa: Battle River–Crowfoot, Agosti 18, 2025, alipogombea Pierre Poilievre, kiongozi wa wahafidhina wa Kanada. Wagombea walikuwa 214, majina yasingeenea, kwa hiyo karatasi ikawa na nafasi tupu na mpiga kura anaandika jina la mgombea kwa mkono. Ukikosea herufi inakubaliwa ilimradi nia inasomeka. Ukiandika jina la chama peke yake, imeharibika. Jimbo la Sawyer walitumia karatasi ya kawaida yenye majina.

Zuhura wa Kitabu

Nyongeza ya mwisho kwa mnaojaza majedwali: mwaka 1982 Olds-Didsbury ina safu mbili. Februari ni Kesler, Novemba ni Stiles. Faili la Februari liko kwenye orodha ya chaguzi ndogo, si kwenye kitabu cha uchaguzi mkuu wa 1982. Anayefungua kitabu cha uchaguzi mkuu peke yake atakuta jimbo limetoka Social Credit ya Clark 1979 likaingia PC 1982, na Kesler hatamwona kabisa.